Mume wa Mtanzania naye apewe haki ya kuomba uraia kwa ndoa? Mjadala kutoka kingo za Ruvuma

MTOA MADA (Newala)

Ndugu zangu wa Kusini, naleta hoja ambayo huku kwetu huzungumzwa barazani kwa sauti ya chini, kwa sababu karibu kila anayeizungumza ana shemeji au mkwe inayemhusu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kilitungwa kikimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajinisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuomba, wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa. Yeye hupita njia ya mgeni yeyote yule: awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu kwa jumla ya miaka isiyopungua 7, achilia mbali masharti ya mwenendo mwema na lugha. Mimi nasema kifungu kiandikwe upya, ili penye mke pasomeke mke au mume.

Sababu ya usawa inafahamika, nayo sitaikalia. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na mwaka 1985 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inahusu uraia moja kwa moja. Ninayotaka kuieleza ni sababu iliyo yetu sisi.

Aliyeandika kifungu hicho alikuwa na ndoa ya namna moja kichwani: binti anaagwa kwao, anapelekwa kwa mume, basi na uraia wake umfuate huko. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua desturi haikuwa hiyo. Mume ndiye aliyefunga mzigo akahamia ukweni, akalima shamba la ukweni, na watoto wakahesabiwa kuwa wa ukoo wa mama, kauli ikiwa ya mjomba. Desturi hiyo imelegea sana, lakini haijafa. Tena Wamakonde tuko kingo zote mbili za Ruvuma, na tulikuwapo kabla Mjerumani na Mreno hawajaugeuza mto kuwa mpaka. Mtu kuvuka kwenda kuoa halikuwa jambo la kuombea kibali.

Nina jirani ambaye mumewe alivuka kutoka upande wa Mueda, Msumbiji, akiwa kijana. Msimu wa kupulizia ukifika utamkuta mume huyo alfajiri, kitambaa kimefungwa puani, mashine mgongoni, kope na nywele zimegeuka njano kwa vumbi la salfa, akitoka mkorosho huu kwenda ule katika shamba ambalo mkewe alirithi kwa mama yake. Magunia ya korosho yakifika chama cha msingi cha ushirika, mke ndiye anayesimama penye mzani, ndiye anayeandikwa, na fedha huingia katika akaunti yake. Kwa mtu wa mbali huo ni ushindi wa mwanamke. Kwa karibu, ni mama anayebeba nyaraka zote za nyumba peke yake, kwa kuwa mwenzake hana kitambulisho cha Taifa, na akisikia pikipiki asiyoijua uani huingia ndani. Kaka wa mama huyo naye alioa ng'ambo ya mto, na kifungu cha 11 kinamfungulia mkewe mlango. Wametoka tumbo moja, wamelelewa ua mmoja, lakini ndoa ya kaka inahesabika mbele ya sheria na ya dada haihesabiki.

MCHANGIAJI (Nanyumbu)

Nimekusoma kwa makini, ndugu yangu, na sikubaliani nawe. Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 watu wa kijiji cha Kitaya, Mtwara, walivamiwa ndani ya ardhi yetu, kwa hiyo huu si wakati wa kulegeza mlango wowote. Ndoa ya karatasi inapatikana kwa urahisi kuliko unavyodhani. Kuna pia jambo la ardhi ambalo umelipita. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sharti hilo ndilo linaloilinda mikorosho ya huyo jirani yako. Mpe mumewe uraia leo, kesho waachane, utamwona barazani akidai nusu ya shamba la ukoo.

MCHANGIAJI (Lindi)

Mimi ni mwanamke na ni Mmwera, kwa hiyo naomba kaka zangu wasiupambe sana ukoo wa mama. Ukoo wa mama si utawala wa mama. Nimeshuhudia mjomba akiuza shamba huku dada zake wakipata habari kwa mnunuzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, na inataka baraza la ardhi la kijiji la watu 7 liwe na wanawake 3. Tuanze na hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina la mwanamke, ndipo tuzungumzie uraia wa waume.

MTOA MADA

Dada wa Lindi, hapo umenishinda, ila tu sioni kwa nini moja lisubiri jingine. Hati hiyo ndiyo pia jibu langu la ardhi kwa mzee wa Nanyumbu: shamba likiwa limeandikwa jina la mke kama urithi wa kwao, mume atakuwa na hoja dhaifu zaidi kuliko leo, ambapo mipaka inajulikana kwa miembe na kumbukumbu za wazee.

Kuhusu usalama, mzee wangu, hofu yako naiheshimu, lakini ndoa ya karatasi hufungwa na wanawake vilevile, na kifungu hakikuwazuia. Kama ni muda unaotakiwa, uwekwe kwa wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka ndoa ya angalau miaka 7, bila kuuliza mwombaji ni mume au mke. Mtu aliyeandikishwa, akatoa alama za vidole na kudhaminiwa na ukwe wake, ni rahisi kumjua kuliko huyu anayejificha akisikia pikipiki.

Kuna jambo ambalo bado hakuna aliyelijibu. Sheria hiyohiyo ya mwaka 1995 inakubali kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya nchi anaweza kurithi uraia kwa mama kama anavyourithi kwa baba. Imemwamini mwanamke kwa mtoto. Imemkatalia kwa baba wa mtoto huyohuyo kwa sababu gani? Na kama yupo humu mume aliyeomba tajinisi kwa njia ya jumla akiwa anaishi ukweni, atueleze aliulizwa nini na ilichukua muda gani.