Matao ya matofali ya Hispania yanasimamaje bila nondo?

Fundi wa Kihesa

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwashi hapa Iringa na kazi yangu ni matofali ya kuchoma. Juzi mwanangu wa kidato cha tatu alinionyesha picha ya ule msikiti mkuu wa Córdoba, nchini Hispania, na tangu hapo sijatulia. Nguzo ni nyembamba, juu yake kuna tao, na juu ya tao hilo kuna tao jingine, yote yamepangwa matofali mekundu na mawe meupe kwa zamu. Mimi hata mlango wa futi tatu naumwagia linta yenye nondo. Je, wale walifanyaje, na lile tao la pili ni pambo tu?

Mwalimu wa Tukuyu

Ndugu fundi, si pambo. Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala Mwislamu wa Córdoba, alipoanza ujenzi huo katika miaka ya 780, waashi wake walitumia nguzo za majengo ya zamani ya Kirumi na ya Wavisigothi (watu waliotawala Hispania kabla ya Waislamu), nazo zilikuwa fupi mno kwa jumba kubwa kiasi kile. Wakasimamisha mguu wa mawe juu ya kila nguzo, wakaifunga miguu hiyo kwa tao la chini ili isiachane, kisha tao la juu ndilo likabeba paa. Itazame tena picha yako: juu ya tao la chini pana uwazi mtupu, kwa sababu halikubebeshwa kitu. Wengi huona kwamba mfano ulichukuliwa kwenye mfereji wa maji wa Kirumi ulioko Mérida, huko huko Hispania, wenye mawe na matofali kwa zamu. (Kuanzia 1523 walipachika kanisa kuu katikati ya msikiti huo, na kwa maoni yangu huko ni kufyeka msitu ili upande mti mmoja.)

Kuhusu nondo, katika tao kila tofali linabanwa na jirani zake, na tofali huvumilia kubanwa ila halivumilii kuvutwa. Mfereji wa maji wa Kirumi wa Segovia, Hispania, una matao ya granaiti yanayofikia kimo cha karibu mita 28, na kati ya jiwe na jiwe hakuna udongo wala chokaa.

Mhandisi, Uyole

Mwalimu amesema kweli, lakini mimi ningempeleka fundi Katalunya, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Hispania, kwa sababu huko ndiko kuna somo linalomfaa mtu mwenye matofali na asiye na mbao. Waashi wa kule huchukua vigae vyembamba, huvilaza ubapa, na kuviunganisha ukingo kwa ukingo kwa jasi, ambayo hushika upesi kiasi kwamba kigae kinabaki hewani mara mkono unapokiachia. Tabaka la kwanza likishakamilika ndilo linalobeba la pili na la tatu, ambayo hujengwa kwa chokaa au saruji huku maungo yakipishana, na hivyo dari zima hupanda bila fomu ya mbao chini yake. Mjenzi Mhispania, Rafael Guastavino, aliupeleka ufundi huo New York mwaka 1881.

Mwaka 1909 msanifu majengo Antoni Gaudí alijenga shule ndogo ya watoto wa mafundi kando ya Sagrada Família, kanisa kubwa alilokuwa akilijenga Barcelona, huko huko Katalunya. Kuta zake ni za matofali membamba, lakini amezipinda kama mawimbi, paa nalo vivyo hivyo. Chukua bati lisilo na migongo ulilinganishe na lenye migongo, utaelewa mara moja kwa nini ukuta ule hauanguki.

Ila nakuonya, fundi: dari la tao husukuma kuta kwa pembeni, na sisi wa Mbeya na Iringa tuko kwenye Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika. Kwa hiyo nondo usiziache zote. Zifunge ukuta hadi ukuta pale tao linapoanzia.

Fundi wa Kihesa

Nawashukuru sana, Mwalimu na Mhandisi. Nina banda la kuni la mita mbili kwa tatu, nitajaribia hapo kabla sijaigusa nyumba ya mtu. Swali langu la mwisho: jasi na mvua zetu za masika vitapatana?

Mhandisi, Uyole

Havipatani. Jasi ibaki tabaka la chini tu, upande wa ndani, na juu upige lipu ya saruji yenye mtelemko. Tofali lako la kawaida ni zito mno kwa kazi hii, kwa hiyo waombe wachomaji wakufyatulie vigae vya unene wa inchi moja.