Tupeane uzoefu: mimba imetoka yenyewe, hospitali wanakuuliza "umekunywa nini?"

Mwanzisha uzi
Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni wa tulioharibikiwa na mimba, tukafika hospitali tukapokelewa kama washtakiwa. Naanza mimi.

Mimba ilikuwa ya wiki 11, na tulikuwa tumeitafuta kwelikweli. Usiku damu zikaanza taratibu, alfajiri yakawa mabonge. Mume akaita bajaji. Mapokezi nesi akanitazama juu hadi chini: "Umekunywa nini?" Sijanywa kitu. "Wote mnasemaga hivyohivyo." Nikakalishwa kwenye benchi, khanga imelowa, mbele ya foleni nzima. Kitanda nilipewa mume aliporudi na kadi ya kliniki. Kadi ndiyo iliyonisafisha kabla daktari hajanisafisha! Sasa asiyeanza kliniki je? Wiki 11 wengi hata mama mkwe hajaambiwa.

Kanuni ya Adhabu ya hapa Tanzania, kifungu cha 150, inampa miaka 14 anayemtoa mwanamke mimba. Cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe 7. Hakuna palipoandikwa nesi ahoji kwanza ndipo atibu, ila hofu ya vifungu hivyo ndiyo inayotupokea mlangoni. Karibuni. Wa kuhukumu apite kimyakimya.

Mchangiaji, Mbeya
Pole dada. Mimi nilikuwa chuo, sijaolewa. Mwenzangu wa chumbani akaniambia ukienda wanaita polisi. Nikajifungia hosteli na panadol zangu. Siku zikapita, homa ikapanda, harufu ikaanza, mwisho nikabebwa sijitambui. Kumbe kulikuwa na mabaki ndani. Daktari aliyenihudumia hakuniuliza hata swali moja la polisi. Niliumia kwa kumwogopa mtu ambaye hata hakuwepo.

Mchangiaji
Tuwe wakweli jamani, wapo wanaotoa halafu wanasingizia imetoka. Nesi afanyeje?

Mwanzisha uzi
Atibu.

Nesi, wodi ya wazazi
Niwatetee wenzangu kidogo. Swali la "umetumia nini" lina kazi: kuna wanaokuja wamekunywa majani au wamejichokonoa kwa kijiti, na usipojua unaweza kumpoteza mgonjwa. Ila linaulizwa faragha, si kwenye benchi.

Kwa macho, mara nyingi huwezi kutofautisha iliyotoka yenyewe na iliyotolewa. Na matibabu ni yaleyale: unazuia damu, unatoa mabaki kwa bomba la mkono la kunyonya au vidonge, antibayotiki kama kuna maambukizi. Huduma baada ya mimba kuharibika inaruhusiwa kwa yeyote, hata aliyetoa kwa makusudi. Wengi hawalijui hili, wakiwemo wenzetu wa kazini, na wengine wanaogopa wasije wakaonekana wameshiriki.

Halafu acheni kujilaumu kwa ndoo ya maji na bodaboda. Nyingi zinazotoka mapema ni kasoro za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli za mimba.

Mchangiaji, Kilifi
Salamu kutoka Kenya. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 26(4), inaruhusu kutoa mimba mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuna dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Lakini vifungu vya zamani vya adhabu vingali vipo, na polisi hushika anachokijua. Mwaka 2019 huku kwetu alikamatwa mwanafunzi pamoja na mhudumu aliyemtibu baada ya mimba kuharibika. Machi 2022 Mahakama Kuu Malindi ikasema kukamatwa kule hakukuwa halali. Baina ya hapo dada yangu naye akaharibikiwa. Majirani hawakuuliza kama anavuja damu, waliuliza, "Hamuogopi kushikwa?" Mama akamchukua usiku ili watu wasione.

Mchangiaji, Mbeya
Nesi, samahani, dalili gani mtu asisubiri?

Nesi, wodi ya wazazi
Pedi ikilowa ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu, kizunguzungu, tumbo kukaza lisilotulia. Nenda usiku huohuo, kadi iwepo isiwepo.