Mahafali ya chekechea: tupeane uzoefu, siku mwanao alipovaa joho

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Jumamosi binti yangu kitinda mimba kahitimu darasa la awali hapa Tabata. Nimelia mbele za watu, na nataka niseme kwa nini.

Mahafali ya kaka yake, 2017, sikufika. Mzigo ulikuwa unashuka dukani Kariakoo, nikajisemea hii ni chekechea tu, ya chuo nitakwenda. Mama yake akanisimulia baadaye kwamba mtoto aliimba huku macho yakiwa getini, kila anayeingia anamkagua. Hilo geti limenikaa moyoni miaka yote hii.

Safari hii duka nililifunga tangu Ijumaa jioni. Nikakaa kiti cha mbele chini ya turubai, joto la Novemba mnalijua. Wakaingia kwa mstari, joho linaburuzika, kofia imemfika nyusi. Kwenye ngonjera alikuwa na mstari mmoja tu. Aliponiona akausahau, akanipungia mkono! Mwalimu akamnong'oneza, akausema kwa sauti hadi spika ikakwaruza. Nilipokwenda kumtunza, mikono ilitetemeka, maua ya shingoni akanivalisha yeye.

Nanyi je? Karibuni.

*Mama wa Mbagala:*
Hongera kaka. Mimi yangu ina uchungu. Shule ilitaka elfu arobaini na tano, joho, keki na picha humo humo. Nauza chakula, mwezi ule sikuwa nayo. Nikaambiwa mtoto atakaa na wageni. Mwanangu alikuwa ameshika wimbo wote, anaimba hata chooni! Jirani yangu ambaye mwanawe alihitimu mwaka wa nyuma alikuwa amemshonea joho lake mwenyewe, akaniletea usiku, kalifua na kulipiga pasi. Mwanangu akasimama na wenzake. Walimu, naomba sana, mchango wa mahafali usimtenge mtoto. Keki asiyechangia asile, sawa, lakini mstarini aachwe asimame.

*Baba wa Temeke:*
Wangu alisoma awali shule ya serikali. Hakukuwa na joho wala mshereheshaji. Mwalimu aliandika vyeti kwa mkono, akamwita mmoja mmoja kwa majina matatu. Kusikia jina la marehemu baba yangu likitajwa pale darasani, sikutaka kingine.

*Mama wa Kimara:*
Mimi nilichelewa. Mvua za vuli, Jangwani maji yamejaa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, nami niko Posta. Nafika, viti vinapangwa juu ya gari. Mwanangu kakaa kwenye ngazi na joho lake, kagoma kulivua. Mwalimu wake akawaita watoto watano waliokuwa bado hawajachukuliwa, akawapanga, wakaniimbia wimbo mzima mimi peke yangu nimelowa chapachapa. Mwalimu yule namwombea hadi leo.

*Mwanzisha mada:*
Dada wa Kimara, umenipa nguvu. Kaka mtu sasa yuko sekondari, na Jumamosi ndiye aliyekuwa akipiga picha. Usiku nimemwita, nikamwomba radhi kwa ile ya 2017, nikamweleza ukweli wa mzigo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilijua ni foleni, baba."