Shamba la mipaina la marehemu baba Mufindi, limesongamana na mingine inakauka, nifanyeje?

Binti wa Mzee
Wakuu habari za jioni. Baba alifariki mwaka jana akatuachia heka (ekari) sita za mipaina huku Mufindi, miti sasa ina miaka nane. Mimi naishi Dar, sijui chochote kuhusu miti zaidi ya kwamba mzee alikuwa anaipenda sana, kila likizo alikuwa anatupeleka kuiangalia. Juzi Pasaka nimeenda na mdogo wangu, aisee nimerudi sina raha kabisa. Humo ndani giza, huwezi kutembea umesimama, matawi makavu yameshikana kuanzia chini, miti mirefu lakini myembamba kama fito. Nilipima kwa hatua nikaona alipanda mita mbili kwa mbili. Halafu kuna mambo mawili yananitisha, la kwanza kuna kama pamba nyeupe kwenye vishina vya matawi machanga, la pili kuna sehemu katikati miti kama ishirini imekauka, imekauka kwa duara, ile ya pembeni yake nayo inaanza kuwa ya njano.

Kuna dalali kijijini anataka anunue shamba zima kwa macho bila kupima, dingdong (ile mashine ya kupasulia mbao) aliweke hapohapo apasue. Baba mdogo anasema tuuze tu halafu tupande milingoti (mikaratusi), pale palipokauka na kule bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za kiangazi, pia. Mama hataki kusikia habari ya kuuza. Naombeni ushauri wa mtu aliyepitia, sio wa kusikia.

Mkulima wa Makete
Pole sana dada kwa msiba. Usiuze kwanza, na sikwambii hivyo kwa kukupa moyo. Mti wa miaka nane uliobanwa hivyo ukiupasua unapata nini, mbao za inchi mbili kwa mbili na mbili kwa nne chache, tena zimejaa mafundo maana haujapogolewa. Mnunuzi anayekuja na dingdong kwenye miti midogo anajua anachofanya, wewe unauza kwa macho yeye ameshahesabu mbao kichwani. Mashamba ya serikali kama Sao Hill zamani walikuwa wanahesabu miaka kama 25 ndio wavune, sisemi usubiri hivyo, ila nane ni mtoto.

Kabla hujaongea na mtu yeyote bei, chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungushia mti usawa wa kifua, gawanya kwa 3.14 unapata unene wake. Mzingo wa sentimita 63 ni mti wa sentimita 20. Pima miti hamsini ya mistari tofauti usichague minene, andika kwenye daftari. Ukishakuwa na hilo daftari hakuna dalali atakayekudanganya.

Ila kitu nataka nikuombe kwa nguvu zote ni MOTO. Mimi mwaka juzi mwezi wa tisa niliunguza heka tatu, moto haukuwa wangu, mtu alikuwa anasafisha shamba la ngano upande wa pili wa kilima, upepo ukabadilika saa nane mchana, kufika saa kumi nilikuwa sina kitu. Miti ya jirani yangu iliyopogolewa moto ulipita chini kwenye nyasi ukachoma magome kidogo ikapona, ya kwangu ilikuwa na matawi makavu hadi chini kama ya kwako hiyo, moto ukapanda nayo kama ngazi mpaka kileleni. Mvua zikiisha tu mwezi wa tano huu, lima barabara ya moto kuzunguka shamba lote, mita kumi, ikwatuliwe mpaka udongo uonekane, mwezi wa sita uwe umemaliza. Ongea na majirani mlime pamoja mpakani, moto hauna jirani.

Bwana Miti Mstaafu
Binti yangu, nimefanya kazi ya misitu miaka mingi, ngoja nikuelekeze taratibu. Hiyo miti inaumwa njaa na kiu kabla ya kuumwa kitu kingine. Mita mbili kwa mbili ni miti kama elfu moja kwa heka, ya mita tatu kwa tatu inakuwa 450 hivi. Nafasi ndogo sio kosa ukiwa na mpango wa kupunguza mapema, tatizo watu wanapanda halafu wanarudi siku ya kuvuna. Mizizi inagombea maji yaleyale, kila mmoja unakimbilia juu kutafuta jua, unene hauji.

Hiyo pamba nyeupe ni wadudu mafuta wa paina, wamekuwepo Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960, wananyonya utomvu wakijifunika na hiyo sufi. Mti wenye nguvu unawavumilia, mti dhaifu ndio unadumaa. Usinunue dawa, heka sita utapuliza vipi urefu wa mita kumi na ngapi huko. Dawa yake ni kupunguza miti.

Kupunguza unafanya hivi. Pita na rangi, weka alama ya kukata kwenye iliyopinda, yenye vichwa viwili, iliyokonda ikafunikwa na wenzake, yenye kidonda. Toa kama theluthi safari hii, usitoe nusu kwa pupa maana miti iliyozoea kuegemeana ukiiachia ghafla upepo unailaza yote. Baada ya miaka mitatu unarudia. Inayotoka utauza mirunda au kuni za tanuri la matofali, haitakutajirisha ila italipa vibarua.

Inayobaki ndio unapogolea, usihangaike na ya kukata. Matawi yasitolewe kupita nusu ya urefu wa mti. Tumia msumeno wa kupogolea, PANGA HAPANA, panga linachana gome na kile kidonda ndio mlango wa ugonjwa. Kata karibu na shina bila kuingia kwenye ule uvimbe wa tawi. Matawi yaliyokatwa yatolewe kwenye mistari ya pembeni yasikae karibu na barabara ya moto.

Sasa hilo duara ndio linanipa wasiwasi kuliko vyote. Kabla ya mipaina hapo palikuwa na nini, kuna visiki vya zamani? Nenda kwenye mti ambao ndio kwanza umeanza kuwa wa njano, bandua gome pale chini kabisa usawa wa udongo, uniambie umeona nini.

Wanjiru wa Nyandarua
Poleni huko. Sisi huku Kenya tulikuwa na saipresi, wale wadudu wake walikuja 1990 wakakausha ua na misitu midogo ya watu hata wazee wakalia. Tulichojifunza ni kutopanda aina moja shamba lote. Na huyo ami yako wa milingoti mwambie huku kwetu watu walipanda karibu na mto, sasa wanateka maji mbali. Bondeni acheni kabisa.

Mkulima wa Makete
Naunga mkono dada Wanjiru. Hata sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka chanzo cha maji usifanye shughuli. Vinyungu ndivyo vinawapa mboga na mahindi mabichi kiangazi, ukipanda milingoti pale mama atanunua mchicha gengeni.

Binti wa Mzee
Asanteni sana jamani, nimesoma mara tatu. Mdogo wangu alibaki kijijini, leo asubuhi amebandua gome kama mzee alivyosema. Anasema chini ya gome kuna utando mweupe kama karatasi, unanukia uyoga, na utomvu umetoka mwingi umeganda na udongo. Na mama amesema baba alipofungua lile shamba palikuwa na mti mkubwa wa asili, waliukata, kisiki wakakiacha kwa sababu kilikuwa kigumu kung'oa. Ni palepale katikati ya duara. Mzee nisaidie, ndio basi tena?

Bwana Miti Mstaafu
Sio basi. Huo ni uozo wa mizizi, kuvu anaitwa Armillaria, alikuwa anaishi kwenye kile kisiki cha zamani, sasa anatembea kwa mizizi inayogusana, ndio maana inakufa kwa duara. Hauna dawa ya kupuliza lakini unazuilika. Kateni iliyokufa, ya njano, pamoja na mstari mmoja wa inayoonekana mizima kuzunguka duara. Hapo msiache visiki, ng'oeni na mizizi yote mnayoipata pamoja na kile kisiki cha mzee, mchomee hapohapo ndani ya uwazi mvua zikiwa bado zipo, mkiwa mmetoa taarifa serikali ya kijiji. Msipande paina pale wala milingoti, pandeni mahindi na maharage miaka kadhaa. Na kupunguza miti anzeni upande ulio mbali na duara, jembe na msumeno uliotumika kwenye duara usafishwe kabla ya kwenda kwingine.

Mimi nipo Mafinga. Mdogo wako akishapata vibarua aandike hapa, nitapanda gari siku moja nije nimsaidie kuweka alama za rangi, tusianze kukata kabla sijafika.

Binti wa Mzee
Shikamoo mzee wangu. Nimemwambia anunue rangi nyekundu lita mbili, na mimi naomba ruhusa kazini nije Ijumaa.