Taasisi za utafiti za umma za nje zinaingiaje nchi za watu?

mtafiti_mchanga: Wakuu habarini. Taasisi ya utafiti ya umma, yaani inayoendeshwa kwa kodi za wananchi wa huko Ulaya, inaanzaje kufanya kazi huku kwetu? Wanafungua tawi lao au lazima washirikiane na wenyeji? Nimepata nafasi kwenye mradi wa namna hiyo na sielewi bosi wangu hasa ni nani.

mwana_kilombero: Mkuu, chukua mfano wa Ifakara, huku kwetu bonde la Kilombero, Tanzania. Taasisi ya tropiki ya Uswisi, ya magonjwa ya nchi za joto, ilianzishwa Basel 1943, profesa wao Rudolf Geigy akafika Ifakara 1949, akawakuta wamisionari Wakapuchini wa Kiswisi wameshajikita pale na hospitali, kwa hiyo alipata pa kuanzia. 1957 wakajenga maabara. Ikabaki mikononi mwao miaka mingi mpaka 1996 ikawa chombo cha Kitanzania chenye bodi yake, ndo hii Ifakara Health Institute ya leo, na Basel bado ni washirika. Sisi wa bondeni tunazikumbuka neti za Zuia Mbu za mradi wao, zilikuwa zinauzwa madukani huku vijijini, na utafiti ukaja kuonyesha neti zenye dawa zimepunguza vifo vya watoto wadogo kwa asilimia 27. Kwangu mimi huo ndo upanuzi wa maana, wageni wanakuja, wanasomesha watu, halafu wanaachia usukani.

wa_entebbe: Sio wote wanaachia ndugu yangu. Baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, MRC, lilifungua kituo Gambia 1947, baadaye na hapa Entebbe, Uganda, pamoja na UVRI, taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi. 2018 vyote viwili vikahamishiwa London School of Hygiene and Tropical Medicine, chuo cha afya cha huko London. Kazi nzuri sana inafanyika, sikatai, ila mwenye kituo bado yuko London.

mama_maabara: Mdogo wangu, kwa Tanzania mgeni hafanyi utafiti bila kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na utafiti wa afya unapita pia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kukaguliwa maadili. Sampuli za damu nazo hazisafirishwi nje hivihivi, lazima kuwe na mkataba wa kuzihamisha. Huo mkataba uombe uusome, uone data zinabaki kwa nani na nani anaandikwa kwenye machapisho, maana vijana wetu wengi wanakusanya sampuli juani halafu majina yao hayaonekani popote.

mtafiti_mchanga: Asanteni sana. Mkataba wangu wa ajira umesainiwa na taasisi ya hapa nchini, miaka mitatu. Mradi ukiisha vifaa vinabaki?

mama_maabara: Inategemea walivyokubaliana na mfadhili. Uliza sasa hivi friza na magari yamesajiliwa kwa jina la nani, usisubiri mwaka wa tatu.