"Bitter" ni chungu au kali? Binti yangu kapigwa kosa

Baba Nasra: Jamani nisaidieni. Nasra yuko darasa la sita, kaandika "bitter" ni chungu, mwalimu kampigia alama nyekundu ya kosa, pembeni kaandika "kali". Nani yuko sahihi? Toka jana naliangalia lile daftari sina amani.

Mzee wa Kahawa: Mtoto yuko sahihi. Bitter ni chungu: shubiri, mwarobaini, kwinini, basi. Shida watu wa bara kwenu kila kitu kali.

Chuma cha Dodoma: Hiyo "watu wa bara" imetoka wapi? Nyie wa pwani ndio embe bichi kali, ndimu kali, chai kali, mbwa mkali, neno moja mnalibebesha mzigo wa punda! Huku embe bichi lina ugwadu.

Ulimi Hauna Mfupa: Turudi kwenye neno. Kiingereza cha kale lilikuwa "biter", ndugu yake "bite", kung'ata. Yaani kitu kinachong'ata ulimi. Ndio maana hata baridi wanaiita bitter, kwa hiyo mwalimu hajapotea sana.

Mzee wa Kahawa: Asili ni asili, maana ni maana. Shubiri na subira kwa Kiarabu ni herufi zilezile, sad ba ra, mbona mgonjwa hatumkorogei subira kwenye kikombe?

Mama Pendo: Someni Mithali 5:4, mwisho wake mchungu kuliko pakanga, halafu mkali kama upanga. Kiingereza hapo ni bitter kisha sharp. Waliotafsiri walijua hayo ni mawili, mwalimu naye ajue, mtoto asionewe.

Ulimi Hauna Mfupa: Umenikumbusha "bitter end", yaani mwisho kabisa. Wapo wanaosema ile si ladha kabisa, ni ya mabaharia, kapteni John Smith kaiandika 1627, ile ncha ya kamba ya nanga inayobaki ndani ya chombo, kwenye vile visiki vinavyoitwa bitts.

Chuma cha Dodoma: Sijajibiwa ya embe. Na pilipili je, nayo ni ladha? Yule mwanasayansi David Julius wa Marekani kapewa Nobeli 2021 kwa kuonyesha pilipili inagusa mishipa ileile inayohisi moto. Ule ni muwasho ndugu yangu, sio ladha.

Mzee wa Kahawa: Pilipili ni kali toka kwa bibi yangu, Nobeli haijaanza. Na ugwadu wenu huo sijawahi kuuona kwenye sahani.

Baba Nasra: Nimemuonjesha jioni hii. Jani la mwarobaini kalitema palepale, macho yamejaa machozi, "baba, chungu!" Limao kasema kali. Mama yake, mtu wa Moshi, katoka jikoni na mwiko mkononi anauliza nani kamfundisha mtoto kwamba limao ni kali, lile ni ugwadu.

Chuma cha Dodoma: Msalimie sana shemeji.

Mzee wa Kahawa: Sasa hapo nyumbani kwako ndio tatizo lilipoanzia.