Bruda aliyebeba mashtaka ya wenzake

Katibu wa Jumuiya: Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Kwa kuwa tarehe 12 Juni tunawakumbuka wafiadini 108 wa Poland, waliouawa na Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, namwomba Mwalimu atusimulie habari za yule bruda aliyemgusia baada ya sala ya Jumamosi.

Mwalimu: Milele na milele, Amina. Ni Mwenyeheri Grzegorz Frąckowiak wa Shirika la Neno la Mungu. Alizaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Łowęcice na kubatizwa kwa jina la Bolesław. Jina la Grzegorz alilipata utawani. Hakuwa padre. Kazi yake katika nyumba ya shirika huko Górna Grupa ilikuwa kuchapa na kujalidi vitabu, na nadhiri zake za daima aliziweka mwaka 1938, vita ikiwa mlangoni.

Mama Neema: Shikamoo, Mwalimu. Sasa mchapaji vitabu aliwakosea nini Wanazi?

Mwalimu: Marahaba, Mama Neema. Wajerumani walipoivamia Poland mwaka 1939, nyumba ile waliigeuza kuwa mahali pa kuwafungia mapadre. Bruda alirudi upande wa kwao, Jarocin, ambako mapadre walikuwa wamekamatwa na makanisa mengi kufungwa, akawa anabatiza watoto na kuwapelekea wagonjwa Ekaristi kwa siri. Alishiriki pia kusambaza gazeti la siri la Wapolandi, ingawa baadaye aliiacha kazi hiyo. Gestapo, yaani polisi wa siri wa Wanazi, walipoanza kuwakamata watu kwa ajili ya gazeti hilo, alimwendea padre kuomba shauri, kisha akajitwika lawama yote ili wengine wapone, na baadhi ya waliokamatwa wakaachiwa.

Baba Deo: Mwalimu, uniwie radhi. Mtu kukiri makosa ambayo si yake peke yake, je, huo si uongo?

Mwalimu: Swali hilo limenisumbua hata mimi, Baba Deo. Kwangu, jambo zito ni kwamba gazeti alilisambaza kweli. Alichokataa ni kugawana adhabu na wenzake, ambao wengine walikuwa na watoto wa kulea.

Mama Neema: Hapo nakubaliana nawe, maana anayemlipia jirani deni haambiwi mwongo.

Baba Deo: Deni hulipwa kwa fedha, Mama Neema, na huyu alilipa kwa shingo yake. Bado nalitafakari.

Katibu wa Jumuiya: Mwisho wake ulikuwaje?

Mwalimu: Alipitishwa katika magereza kadhaa, ikiwemo ngome ya Poznań iliyosifika kwa mateso, na tarehe 5 Mei 1943 alikatwa kichwa kwa gilotini mjini Dresden, akiwa na miaka 31. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Warszawa tarehe 13 Juni 1999, pamoja na mapadre watatu wa shirika lake.

Mama Neema: Katibu, naomba Jumamosi tumtaje kwa jina katika litania, nami nitajifunza kulitamka kabla ya siku hiyo.